Kilo Tano za Ya Chini

Asubuhi ile Mheshimiwa alikataa kusimama. Hilo peke yake halikumshtua mtu, maana punda yule alipewa jina hilo kwa sababu ya kukataa kwake. Kila siku lazima abembelezwe, asifiwe, apapaswe shingo kama mgombea anayeombwa akubali cheo, ndipo ainuke na kufungwa mkokoteni. Muuza maji alichuchumaa mbele yake akaanza maneno ya siku zote: "Mheshimiwa, wananchi wanakusubiri. Mabomba yamekauka tangu juzi, madumu ishirini na manne yako tayari, na wewe umejilalia tu?" Punda hakugeuza hata sikio. Shingo na mapaja yalikuwa yamelowa jasho, na jua lenyewe lilikuwa halijachomoza sawasawa.

"Mama watoto!" akaita muuza maji, na safari hii sauti haikuwa ya mzaha. "Hebu njoo umwone huyu."

Mkewe alitoka bandani akiwa na ndoo tupu mkononi na maranda yamemganda kwenye nywele. Mtaani walimwita Mama Broila. Jina hilo alilichukia mwanzoni, baadaye akalizoea, mwisho akaanza kujitambulisha nalo mwenyewe kwenye simu. Bandani mwake mlikuwa na kuku wa nyama mia mbili waliotimiza wiki ya tano, wazito, wavivu, wasiojua kitu duniani ila kula na kunywa. Ilibaki wiki moja tu waende kwa mpishi wa sherehe aliyewaagiza wote. Alimtazama punda, akaona miguu ya nyuma inatetemeka yenyewe, akaiweka ndoo chini.

"Muite daktari," alisema.

"Daktari wa nini? Amechoka tu."

"Nimesema muite."

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki. Alikuwa binti wa miwani, mpole, asiyependa kupoteza maneno. Aliweka kipimo chake ubavuni mwa punda, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena kwa muda mrefu kuliko walivyopenda. Alisema moyo unakwenda mbio halafu unaruka. Kisha akauliza swali moja: "Amekula nini siku hizi mbili?"

Mama Broila alijibu kwa fahari kidogo, kama mama anayeulizwa mtoto alipewa nini. "Amekula vizuri kutushinda sisi. Kuku wangu wamehamia chakula cha kumalizia, kikabaki cha kukuzia, kama kilo kumi hivi. Nikasema kikae kivunde? Na huyu naye mbavu zinahesabika. Nikampa ndoo juzi, nikampa nyingine jana. Alikula mpaka akalamba ndoo." Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa: kama chakula kile kinamchukua kifaranga anayetoshea kiganjani na kumfanya kuku wa kilo mbili kwa wiki sita, kitamfanyia nini punda aliyekonda? Nani mwenye akili zake angekitupa?

Binti alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mama, chakula cha kuku kina dawa ndani. Kiwandani wanachanganya na vitamini na madini, wanatia na dawa ya kuzuia kuku wasiharishe damu. Cha kumalizia mara nyingi hawatii. Cha kuanzia na cha kukuzia, wanatia. Kwa kuku si sumu, inamsaidia. Kwa punda ni sumu. Inakwenda moja kwa moja kwenye moyo."

"Basi mpe ya kuiondoa."

"Haipo, mama."

"Haipo hapa au haipo kabisa?"

"Haipo kabisa."

Muuza maji aliinuka polepole. Hakumtazama daktari, alimtazama mkewe, na Mama Broila alitamani ampige kofi amalize kuliko kutazamwa vile. "Mbona gunia halisemi?" alimgeukia binti kwa ukali, kana kwamba binti ndiye aliyelishona. "Mbona hakuna mtu aliyesema?"

"Kila gunia lina karatasi imeshonewa mdomoni. Onyo liko pale."

"Mimi nina hela ya gunia? Mimi napimiwa kwa kilo!"

Alikimbia bandani akarudi na karatasi aliyokuwa ameichomeka kwenye msumari, ile aliyoandikiwa dukani kilo alizochukua na bei yake. Mwenye duka hakuwahi kununua kitabu cha risiti. Alikuwa akifungua magunia, anakata zile karatasi za mdomoni, anaziweka kwenye kopo, na nyuma yake, upande usioandikwa, ndiko alikowaandikia wateja wake. Daktari alisoma tarakimu za kalamu, akaigeuza. Upande wa pili ulijaa Kiingereza cha herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kidole chake kikashuka mpaka mstari wa mwisho kabisa.

"Hapa. 'Usiwape farasi, punda wala wanyama wa jamii yao. Kinaweza kuua.'"

Siku tisa karatasi ile ilikuwa imening'inia bandani. Mama Broila alikuwa akiitazama kila anapochota chakula.

Mheshimiwa alikufa kabla ya saa sita mchana, bila kelele, yeye ambaye maisha yake yote alilalamika kwa sauti. Majirani walikuwa wamejaa uani, wengine wamekuja na pole, wengine wamekuja kuona. Mbele yao wote muuza maji alisema, "Miaka saba punda huyu ametulisha. Wewe umemuua kwa ndoo mbili." Mama Broila alichukua khanga akamfunika punda kichwa, na mwanamke mmoja nyuma akacheka kidogo, akajifanya anakohoa.

Wa kumwondoa alikuwa Breki, jirani yao mwenye mkokoteni, aliyepata jina hilo kwa sababu mkokoteni wake haujawahi kuwa nazo. Walimpandisha Mheshimiwa kwa kamba, wanaume sita, na punda wa Breki akamvuta mwenzake kuelekea dampo. Kwenye mwinuko mfupi wa mwisho wa mtaa punda yule alisimama, akatweta, akaloa jasho. "Huyu naye siku hizi anachoka ovyo," alisema Breki. "Uzee huo." Punda mwenyewe alikuwa na miaka sita.

•

Duka la vyakula vya mifugo lilikuwa kwenye kona ya soko. Mwenyewe aliitwa Mjomba na mji mzima kwa sababu kila aliyeingia alimwita mpwa, awe mtoto wa shule au mzee wa mvi. Mama Broila alifika hajabadilisha nguo. Mbele ya duka mikokoteni minne ilikuwa imejipanga, wenyewe wamekaa kivulini.

"Mpwa wangu, karibu! Kuku wanasemaje?"

"Kuku wazima. Punda amekufa."

"Maskini, pole. Punda nao wanakufa sana siku hizi."

"Amekufa kwa chakula ulichoniuzia." Akaiweka karatasi juu ya kaunta, upande wa Kiingereza ukiwa juu. "Soma mstari wa mwisho."

Mjomba alivaa miwani, akasoma kwa utulivu, akatabasamu. "Si hili hapa onyo? Limeandikwa. Kampuni imetahadharisha, mimi nikakukabidhi mkononi mwako, wewe ukaenda ukampa punda." Aliwageukia wateja wawili waliokuwa wakisubiri, akawaonyesha karatasi kama mwalimu anayeonyesha daftari la mjinga wa darasa. "Sasa jamani, hapo kosa la nani?"

Wateja walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa sababu Mjomba alikuwa akiwapimia na mizani iko upande wake. Mama Broila alihisi uso unamwaka moto. Ushahidi wake wote ulikuwa kipande kile, na mtu huyu alikuwa amekigeuza mara moja tu kikawa ushahidi wake yeye. "Unajua sisomi Kiingereza," alisema. "Unajua hakuna anayekuja hapa anayesoma Kiingereza. Hata wewe umevaa miwani kwanza."

"Mpwa, mimi nauza chakula. Sifundishi."

Wakati huo mpakizi wa duka alikuwa akifagia ghala. Magunia yaliyopasuka, punje zilizomwagika wakati wa kupima, vumbi la kila aina ya chakula, cha kuku wa nyama, cha kuku wa mayai, cha nguruwe, vyote alivisukuma kwa ufagio mrefu mpaka vikawa lundo moja mlangoni, kisha akaanza kulizoa kwa bati na kulitia kwenye mifuko. Breki, aliyekuwa ametoka dampo moja kwa moja, aliinuka kivulini akawa wa kwanza. "Niwekee ya chini, kilo tano."

Ya chini. Neno hilo Mama Broila alilisikia kila siku mtaani na hakuwahi kulifikiria. Kilo moja iliuzwa theluthi ya bei ya chakula cha gunia. Wenye mikokoteni walisema inashibisha kuliko majani.

"Breki," aliita, "hiyo unampa nani?"

"Nampa punda. Kwani ulidhani nakula mimi?" Wenzake wakacheka.

Alimtazama Breki, akautazama mfuko, akamgeukia Mjomba, na tabasamu lilikuwa limefutika usoni mwa Mjomba. Hapo ndipo alipoelewa. Siku ufagio ukikutana na cha kukuzia kingi, punda anaanguka. Siku ukikutana na pumba, hana neno. Ndiyo maana hakuna aliyeunganisha vifo hivyo na ya chini. Punda wangapi wameburutwa dampo mwaka huu, wenyewe wakisema ni uzee, ni kazi, ni jicho la mtu?

"Mpwa, hebu pita ndani tuongee," alisema Mjomba haraka, akainua kibao cha kaunta.

Ndani kulikuwa na meza, magunia mpaka darini, na kiti kimoja alichomkalisha. Alimfungulia soda ambayo hakuigusa. Mjomba alisema kwa sauti ya msibani kwamba yeye ni mzazi, ameguswa, na mkokoteni bila punda ni mbao tu. Nduguye ana punda wanne. Kesho asubuhi mumewe aje achukue mmoja, jike, miaka minne, hajawahi kuugua. "Na wewe uje na hicho kikaratasi. Basi, jambo liishe."

"Liishe vipi?"

"Liishe tu. Sisi watu wazima."

"Unataka nini hasa, Mjomba? Sema."

"Sina la kusema, mpwa. Nakusaidia." Alichagua maneno yake kama mtu anayechambua mchele, na lile moja alilolitaka hasa hakulitoa mdomoni. "Halafu hao kuku wako wako wiki ya mwisho, sio? Wiki ya mwisho hiyo, kuku akilala njaa siku mbili, uzito umekwenda. Mimi nitaendelea kukupimia cha kumalizia kama kawaida. Usiwe na wasiwasi."

Akamtoa nje akiwa amemwekea mkono begani. Breki alikuwa ameshaondoka na mfuko wake. Mama Broila alisimama kwenye jua, mkono wa yule mtu bado anausikia begani, na alijichukia kwa sababu hakuwa ameutoa.

•

Alasiri alimkuta mumewe anaingia uani na madumu mawili yamening'inia kwenye mti mabegani. Ilikuwa safari yake ya sita. Kuku wa nyama hunywa maji mara mbili ya chakula anachokula, na kuku mia mbili wa wiki ya tano hawaelewi kwamba punda amekufa. Vinyweshi vilikuwa vikavu tangu adhuhuri na kuku walikuwa wamefungua midomo, wanahema. Muuza maji alimimina dumu la kwanza, wakalivamia. Alikaa chini akavua viatu, na soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imeshikana na ngozi.

Mama Broila alimweleza yote akiwa anajaza vinyweshi, bila kumtazama.

"Punda," alisema mumewe. "Bure."

"Si bure. Anataka karatasi."

"Karatasi! Mimi ningempa karatasi kumi."

"Na Breki je? Leo nimemwona kwa macho yangu anabeba kilo tano. Wako wanne pale, wote wananunua."

"Breki nitamwambia mimi. Taratibu, kwa njia yangu."

"Lini?"

"Nikishampata punda."

"Akishakufa wa kwake, unataka kusema."

Muuza maji alitupa kiatu ukutani. "Sasa unataka nini? Twende mahakamani? Na nani, wewe na hiyo karatasi iliyokaa msumarini siku tisa? Nimebeba maji mgongoni leo, mtu wa umri wangu, wateja wananiita punda mpya, wanacheka. Wamenipa jina tayari! Wewe ndiye uliyenifikisha hapa. Angalau hili moja uninyamazie."

Hapo alimpata mkewe pabaya. Mama Broila alisimama katikati ya kuku, kinyweshi mkononi, hajui hasira yake amtemee nani: mwenye duka, mumewe, kampuni iliyoandika maisha ya punda kwa herufi za mayai ya chawa, au yeye mwenyewe na ndoo yake. Mwisho alisema, "Haya," na neno lenyewe lilimkera kama punje ya mchanga kwenye chakula.

•

Kesho yake asubuhi punda alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya mlango wa duka, jike wa kijivu, masikio yamesimama, manyoya yanang'aa. Hata Mama Broila aliyekuwa amedhamiria kutompenda alimpenda. Mikokoteni mitano ilikuwa foleni. Breki alikuwa amefika mapema, punda wake amevishwa mfuko mdomoni, anatafuna macho yamefumba.

"Mpwa wangu, mzee wangu, karibuni!" Mjomba alitoka mwenyewe nje, watu wamwone. Alinyoosha kiganja. Mama Broila aliiweka karatasi juu yake. Mjomba hakuisoma. Aliichana vipande viwili, akaunganisha, akachana tena, akatia mfukoni. Kisha akafungua kamba akamkabidhi muuza maji. "Tumeelewana, mzee?"

Muuza maji aliitikia kwa kichwa. Mama Broila hakuitikia kitu. Hakuna aliyemuuliza.

Mambo yangeishia hapo. Wangeondoka na punda wao, Mama Broila angekula kimya chake mpaka kimuue, na Mjomba angelala usingizi. Lakini Mjomba siku hiyo alikuwa amefurahi, na mtu wa namna yake akifurahi hupenda kuonekana mkarimu. "Mpakizi!" aliita. "Mletee mzee mfuko wa ya chini, kilo tano, bure kabisa. Isije ikasemwa nimetoa punda na njaa."

Mpakizi alimtwisha muuza maji mfuko mikononi. Kamba ya punda mkono huu, mfuko kifuani, mzee wa watu akaanza, "Ahsante, Mj..." na sauti ikakatika. Aliuinamia mfuko akaunusa.

"Hii ndiyo ile?"

"Ile ipi? Chakula hicho."

"Ile yenye dawa iliyomuua Mheshimiwa."

Mjomba alisogea karibu, akashusha sauti, lakini watu wa foleni walikuwa wameshaacha kuongea. "Mzee, tusianze tena. Mkeo alimpa ndoo nzima nzima. Kidogo kidogo haina neno. Changanya na pumba, usizidishe vikombe viwili kwa siku, atakaa nayo miaka."

Mama Broila alisikia kitu kinamkatika ndani, na hakusikitika kilipokatika. "Kumbe unajua kipimo," alisema.

"Mpwa..."

"Mimi sio mpwa wako! Unajua mpaka vikombe! Jana umenicheka mbele za watu kwamba niliandikiwa sikusoma, na wewe unajua mpaka vikombe! Hawa umewaambia vikombe viwili? Breki, amewahi kukwambia vikombe viwili?"

Breki alishuka kwenye mkokoteni. "Vikombe viwili vya nini?"

"Ya chini ina dawa ya kuku ndani. Inaua moyo wa punda. Wa kwangu alikufa jana kwa hiyo, daktari amesema, imeandikwa, na huyu bwana amechana maandishi sasa hivi mbele ya macho yenu. Mnadhani nini kiko mfukoni mwake? Aitoe! Toa, Mjomba, tuunganishe!"

"Tulikubaliana!" Mjomba alipiga kelele, yale maneno ya mpwa na mzee ameyasahau. "Mume wako ameitikia!"

"Tulikubaliana karatasi kwa punda. Karatasi umechukua, punda tumechukua. Kama kulikuwa na lingine, ungelisema jana. Nilikuuliza, unataka nini hasa? Ukaogopa kulitamka kwa sababu ungekuwa umekiri."

"Basi hutanunua hata punje hapa. Hata punje! Tuone hao kuku watakula nini."

Aliogopa, ni kweli, kwa sababu chakula bandani kilikuwa cha siku moja na duka la pili lilikuwa mwendo wa nusu siku. Akawaona kuku wake mia mbili wanalala njaa, akamwona na mpishi wa sherehe anakunja uso mbele ya mizani. Aliyemjibu Mjomba alikuwa mumewe. "Nusu siku," alisema muuza maji. "Tuna punda. Tutafuata hukohuko." Na akaugeuza ule mfuko wa kilo tano chini juu, papo hapo, kwenye ngazi ya duka, vumbi likapanda mpaka kwenye viatu vya Mjomba.

Ungetegemea watu watano wale wamwage mifuko yao. Hawakumwaga. Mmoja alicheka akasema wanawake wana maneno. Mmoja alipandisha mfuko wake kwenye mkokoteni kimyakimya akaondoka nao, maana punda ana njaa leo na majani ni ghali leo, na moyo ni mambo ya kesho. Wawili walibaki wanatazamana. Mama Broila alimwendea punda wa Breki, akashika mkanda wa mfuko nyuma ya masikio akauvua.

"Mama Broila, muache ale. Hajala tangu jana."

"Wa kwangu alilamba ndoo, Breki."

Aliumwaga. Breki alinyanyua mkono kama mtu anayetaka kuzuia, akaushusha. Alibaki anamtazama punda wake, jasho la shingoni, mguu wa nyuma uliokuwa umelegea. Kisha yule mwanamume mkubwa, mwenye kelele mtaa mzima, alipiga magoti barabarani akaweka sikio ubavuni mwa mnyama. Alisikiliza muda mrefu. Hakuwa daktari, hakujua moyo mzima unalia vipi.

"Mama," aliuliza akiwa palepale chini, "hivi huu unakwenda sawa?"

Mama Broila hakujua. Alifungua mdomo amdanganye, akashindwa.

"Mpakizi!" Mjomba alikuwa amerudi nyuma ya kaunta. "Unasimama kutazama nini? Chukua ufagio uzoe hiyo yote. Ya kwenye ngazi na ya barabarani. Hiyo ni hela!"

Mpakizi alitoka na ufagio wake mrefu na mfuko mtupu. Alikuwa mtu mnyonge anayelipwa kwa siku, na hakuinua macho. Mama Broila alimpita, akalikanyaga lundo lililokuwa kwenye ngazi, akasimama juu yake kwa miguu miwili, viatu vikazama.

"Fagia," alimwambia. "Anza na mimi."